Ile "ka" niliyoifuta

Nyinyi mlioniomba niandike kuhusu kazi yangu mnajua kwamba nina miaka thelathini na tatu, na neno kustaafu linawachekesha. Hata mimi lilinichekesha, mpaka siku niliporudisha funguo za kile chumba cha chini ya kanisa, kitongojini Golden Valley, huku Minnesota, nikatambua kwamba kazi niliyoifanya miaka saba haipo tena mahali pengine popote katika mji huu. Kwa hiyo nimestaafu. Siku hizi napanga majalada hospitalini, Minneapolis, na watu wananisifu kwa uangalifu wangu. Kila wakinisifu natamani waache, na mkisoma mpaka mwisho mtajua kwa nini.

Kazi ilikuwa kutunza maandishi ya Biblia iliyokuwa ikitafsiriwa katika lugha moja ndogo ya Kikiranti. Kikiranti ni ukoo wa lugha za milima ya mashariki ya Nepali, nyingine ndogo kiasi kwamba wasemaji wake karibu wote wanajuana. Hii yetu siitaji, na majina ya watu nimeyabadilisha, maana wanaoizungumza hapa Saint Paul, mji pacha wa Minneapolis, ukitaja lugha umeshawataja wenyewe. Walifika Marekani kama tulivyofika sisi, kutoka kambi za wakimbizi, makaratasi yote kwenye mfuko wa plastiki ambao uliambiwa usiuachie hata ukienda msalani.

Mtauliza binti wa Uvira aliyekulia kambini Kigoma aliingiaje huko. Niliingia na ufagio. Kanisa lile lilikuwa kwenye zamu yangu ya usafi, na katika chumba cha chini nilimkuta mama mmoja Mmarekani, Carol, mratibu wa ile kazi, akihangaika na kompyuta iliyokuwa ikimgeuzia kila herufi kuwa kisanduku kitupu. Kompyuta nilikuwa nimejifundisha mwenyewe, kwenye maktaba ya Hopkins, nikisubiri mvua au theluji ipungue ndipo nipande basi. Nikaegemeza ufagio ukutani, nikamtengenezea. Wiki iliyofuata aliniomba nije kila Jumatatu, na baada ya mwezi ikawa kila siku.

Mama yangu aliposikia alicheka mpaka akakaa chini. "Weye," akasema kwa Kiswahili chetu cha Kongo, "unaandika maneno hauyajue, ya batu haubajue. Bon. Omba tu basikuulize kitu."

Herufi zao zinaning'inia kwenye mstari kama nguo kwenye kamba. Nilijifunza kuzisoma kwa miezi minne, kwa vitabu vya watoto wa chekechea, bila mwalimu. Mwishowe niliweza kukusomea ukurasa mzima kwa sauti, na matamshi yangu yakasifiwa, nami nisijue kama nimesoma habari za harusi au za msiba. Nilijivunia sana jambo hilo. Leo nikilikumbuka nashtuka kwamba hakuna aliyeniogopa.

Mfasiri alikuwa Mzee Harka, mwalimu wa shule wa zamani, umri sabini na kitu. Macho yalikuwa yameanza kumwishia, kwa hiyo yeye alitamka maneno, na mke wa mwanawe, Sarita, akachapa. Sarita alikuwa amekulia kambini, na Kinepali kilikuwa kimemkaa kuliko lugha ya baba mkwe wake. Alichapa alichosikia. Yeye pia ndiye aliyetutafsiria mimi na mzee, kwa Kiingereza, kwa sababu mimi na mzee hatukuwa na lugha moja ya kutuunganisha zaidi ya "chai".

Siku za mwanzo niligundua kwamba neno "kuja" limeandikwa kwa namna tatu. Nikamwambia Sarita kuna makosa. Mzee aliposikia alinichukua mpaka kwenye ngazi za apatimenti yao. Akapanda juu, akaniita kwa neno moja. Akashuka yeye, akaniacha juu, akaniita kwa neno jingine. Kisha akanisimamisha kwenye korido, tukiwa usawa mmoja, akaniita kwa neno la tatu. Kwao, milimani, anayekuja lazima awe anapanda, anashuka, au anatoka upande wa pili kwa usawa wako, na kitenzi kinasema ni kipi.

"Wajukuu wake wanajua hili la korido tu," Sarita akaniambia. "Minnesota yote ni korido."

Mtu angedhani baada ya somo lile ningeacha kabisa kurekebisha lugha nisiyoijua. Nilichojifunza mimi ni kwamba "kuja" ziko tatu, basi, nikaliandika kwenye daftari langu na kulipigia mstari kwa rula.

Sasa nisikilizeni.

Tulikuwa tumemaliza rasimu ya vitabu viwili vya Injili, Marko na Luka, na ilikuwa wiki ya kusafisha tahajia kabla ya kuwasomea wazee. Nikaona neno "sisi" limeandikwa kwa namna mbili. Pengine lilikuwa tupu, pengine lilikuwa na mkia mdogo mwishoni, silabi moja tu, "ka". Kibodi ya Sarita ilikuwa na tabia ya kukwama na kurudia herufi, na nilishamfutia nyingi za namna hiyo. Mimi kwetu sisi ni sisi. Ndivyo nilivyozaliwa, sikuwahi kuwaza kwamba inaweza kuwa vingine. Mzee alikuwa Ohio kwa harusi ya mjukuu. Ningeweza kumpigia simu Sarita. Sikupiga, kwa sababu nilikuwa na hakika, na kwa sababu niliona aibu kuuliza kitu kidogo hivyo.

Nikaiamuru kompyuta itafute kila "sisi" yenye mkia na iukate. Kisha nikaona hata vitenzi vilivyokaa karibu na neno hilo vina mkia uleule, nikavifuata kimoja kimoja mpaka vyote vikafanana na vile vingine. Ilinichukua siku mbili. Nilipomaliza nilijisikia kama mtu aliyetandika kitanda kikanyooka bila mkunjo. Na kwa vile sivumilii kuona faili mbili zenye jina moja, nikafuta nakala za zamani zote, za kwenye kompyuta na za kwenye diski ya akiba.

Wazee walikutana sebuleni kwa Bibi Dilmaya, mkubwa wao wote, mwanamke mfupi anayevaa soksi mbilimbili na asiyemwonea mtu haya. Jinsi ya kupima tafsiri ni hivi: unawasomea watu ambao hawajaiona, halafu hawaulizwi kama ni nzuri. Kwa adabu kila mtu atasema ni nzuri. Unawaomba wakusimulie walichosikia. Hapo ndipo utajua umeandika nini.

Sarita alisoma ile sala ambayo Yesu anawafundisha wanafunzi wake. Alipofika pale pa kuomba msamaha, Bibi Dilmaya akainua mkono.

"Simulia, mama," Carol akasema.

"Anaomba wasamehewe wote."

"Wote akina nani?"

"Wao na Mungu. Wamekosa pamoja." Akatazama huku na huku. "Mungu naye kakosa nini? Hiyo sehemu mmeruka?"

Sarita alinitafsiria kwa sauti ndogo, akanieleza kosa liko wapi. Lugha yao ina "sisi" mbili. Moja ni sisi pamoja na wewe ninayezungumza nawe. Nyingine ni sisi bila wewe, na alama yake ni "ka". Bila ile "ka", wale watu walikuwa wanamwambia Mungu: tusamehe, sisi na wewe, makosa yetu.

Mzee Harka aliomba mstari usomwe tena. Ukasomwa. Akaomba tena. Jirani yake mmoja, mtu mcheshi wanayemwita Mjomba, akasema, "Harka, umekaa na Wamarekani mpaka umemsahau mama yako anavyosema." Wakacheka, kicheko cha kirafiki. Wakasoma mahali pengine, na pengine, na kila mahali kicheko kikapungua. Katika Luka nzima hakuna mtu aliyemwambia mwenzake "sisi bila wewe". Mafarisayo walijiweka kundi moja na Yesu. Mapepo nayo vilevile.

"Nilisema hivi?" mzee akamuuliza Sarita.

"Mimi nilichapa ulichosema, Baba."

Nilijua palepale. Msinielewe vibaya na kudhani niligundua kesho yake. Nilikuwa nimekaa kwenye kapeti, kikombe cha chai mkononi, nikijua kila kitu, na nikanyamaza. Nikajiambia nitasema kwenye gari. Kwenye gari nikajiambia nitamwandikia Carol. Nikaandika barua, nikairekebisha mara nyingi ili isiwe na kosa, na kwa sababu haikukamilika sikuituma. Siku kumi na tisa zilipita hivyo. Watu kama mimi tunaogopa kosa kiasi kwamba tukilifanya tunashindwa hata kulitamka, na mtu mwingine analibeba. Nawaambia hili nikiwa na aibu ileile ya siku ile.

Siku ya kumi na tisa nilimwuliza Sarita kwenye simu mbona mzee haji tena.

"Amesema hafanyi tena," akasema. "Anasema maneno yanatoka kinywani tofauti na yanavyotoka kichwani. Jumanne tunampeleka hospitali wakampime kumbukumbu."

Nilikaa chini kwenye sakafu ya jikoni. Mama aliniuliza nani amekufa.

Jumanne ile niliomba niende nao. Hospitali ni kubwa, mnaijua, ukikosea lifti unatokea mtaa mwingine. Mzee Harka alikuwa amevaa koti la suti na kofia yake ya kwao, amekaa wima, midomo ikisogea. Nikamwuliza Sarita anasali?

"Anajikumbusha siku za wiki. Jirani alimwambia watamuuliza."

Hapo ndipo nilimwambia, kwa Kiingereza, haraka, nikitazama zulia. Kwamba mzee alisema sawasawa, na yeye alichapa sawasawa, na mimi ndiye niliyefuta. Sarita akafunga zipu ya mkoba wake. Nilidhani atasimama aondoke.

"Mwambie mwenyewe," akasema.

"Kwa lugha gani?"

"Yoyote unayotaka. Mimi nitatafsiri. Lakini mtazame yeye."

Nikasema kwa Kiswahili. Sarita hajui Kiswahili, na nilipotambua hilo nilikuwa nimeshamaliza. Ilibidi nirudie kwa Kiingereza, kwa hiyo nilikiri mara mbili, na mara ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza.

Mzee akauliza, "Zote?"

"Zote."

"Na vitenzi?"

"Na vitenzi."

"Siku ile kwa Dilmaya, ulikuwa umekaa pale. Ulijua?"

"Nilijua."

Akageuza uso, akaitazama mikono yake, pande zote mbili, kama mtu aliyerudishiwa kitu na anakagua kama ni chenyewe. Muuguzi akaita jina lake, naye akavua koti. Nikamwambia Sarita hakuna haja tena ya kuingia. Sarita akamwambia. Mzee akajibu, akasimama, akaingia.

"Anasema ameshavua koti, basi apimwe tu," Sarita akasema.

Alitoka baada ya kama saa moja. Walimwomba achore saa, akachora na mshale wa sekunde. Walimwuliza ni majira gani ya mwaka, akawauliza kwa kalenda ipi, ya hapa au ya kwao. Daktari alisema hana tatizo. Njiani kurudi hakunisemesha. Tulipofika kwao akamwambia Sarita maneno machache: Jumamosi, baada ya ibada, nikawaambie wale waliosikia.

Kuhusu Jumamosi hiyo nitasema, lakini kwanza mjue kazi ya kurudisha "ka" ilikuwaje, kwa sababu baadhi yenu mnasoma mambo ya kompyuta na mnadhani kila kilichofutwa kinarudishwa kwa kitufe.

Hakukuwa na kitufe. Kila "sisi" ilibidi iamuliwe upya, na mtu wa kuamua alikuwa mmoja, na macho yake hayawezi tena kusoma. Kwa hiyo majira yote ya baridi nilikaa naye mezani. Mimi nilisoma kwa sauti lugha nisiyoielewa, yeye alisikiliza amefumba macho, na nikifika kwenye "sisi" nilinyamaza. Yeye alisema "ka", au alinyanyua mkono niendelee. Sikuruhusiwa kubahatisha. Siku moja nilibahatisha, nikapatia, akanirudisha mwanzo wa sura.

Pale Petro anapomwambia Yesu kwamba wameacha kila kitu, mzee alisema "ka" kabla sijafunga mdomo. "Hapo anajisifu," Sarita alinitafsiria. "Anayejisifu hamtii mwenzake ndani."

Mahali palipotushinda ni pale chomboni, kwenye dhoruba, Yesu amelala na wanafunzi wanamwamsha wakilia kwamba wanaangamia. Sisi ipi? Kiswahili hakiulizi, Kiingereza hakiulizi. Nilikuwa nimesikia habari hiyo tangu utotoni, na sikuwahi kujua kwamba kuna swali. Mzee alisema "ka": sisi tunakufa, wewe umelala zako. Bibi Dilmaya alikuja siku hiyo na chakula, akasikia, akaweka sufuria chini.

"Maji yameingia ndani na wewe unasema ka?"

"Aliyelala hafi, Dilmaya. Ni yeye aliyeyaumba maji."

"Wewe unajua. Wao walijua?"

Walibishana wiki nzima, hata kwa simu. Mwishowe mzee aliniambia niendelee bila "ka". Wanafunzi walidhani atazama nao, akasema, walikuwa hawajamjua. Katika zile siku mbili za kutandika kitanda changu nilikuwa nimepita juu ya neno lile kwa sehemu ya sekunde, pamoja na mengine yote, bila kujua kwamba kuna watu watakosana na kupatana juu yake.

Basi, Jumamosi.

Wanasali Jumamosi, kama walivyozoea kwao. Nilisimama mbele, wazee wamekaa kwenye viti vya kukunja, watoto wananong'ona kwa Kiingereza nyuma. Mzee Harka alikuwa mstari wa mbele, mikono juu ya magoti. Mjomba yule mcheshi hakuwa na uso wa kucheka. Nikasema yote: kwamba Harka hakusahau chochote, kwamba maneno yake yalikuwa kamili, kwamba mimi nilikata mikia, nikafuta nakala, nikamwona akichekwa, nikanyamaza mpaka mtu mzima akaenda kupimwa akili yake kwa sababu yangu. Sarita alitafsiri bila kulainisha. Nilijua kwa jinsi walivyovuta pumzi.

Mjomba aliinuka, akaenda akamwinamia Harka, akamwambia kitu sikioni. Harka akamwitikia kwa kichwa tu.

Kisha Bibi Dilmaya akauliza, "Ulifutaje kitu kikubwa hivyo? Hukukiona?"

"Nilikiona, Bibi. Nilidhani ni kosa. Kwetu 'sisi' ni moja."

Sarita akatafsiri. Bibi akamwomba arudie. Wakaanza kuulizana wao kwa wao, na nyuso zao, naapa, zilikuwa za watu walioambiwa kuna nchi haina maji. Mshtuko wangu wa wiki zote zile ulikuwa wangu peke yangu, na sasa niliuona umehamia kwao.

"Moja tu?" Bibi akasema. "Kwa watu wote?"

"Moja tu."

"Sasa mtu akiwa kwenu mgeni, wenyeji wakasema 'tunakula', yeye anajuaje kama yumo?"

Nilitaka kutetea lugha yangu, nikakosa pa kushika.

"Hajui, Bibi," nikasema. "Anangoja aone zinaletwa sahani ngapi."

Walicheka, wote, Mjomba mpaka akafuta macho, na watoto wa nyuma wakauliza kuna nini. Mzee Harka hakucheka. Alingoja nyumba itulie, akamwambia Sarita aniambie nifike Jumatatu mapema, nije na Marko, tuanze nacho, maana ndicho kitabu kifupi.